Ini likizimika: Je, seli za kupandikizwa zitafika Kitale?

MGONJWA anapofikishwa katika hospitali ya kaunti mjini Kitale au Bungoma macho yakiwa yamegeuka manjano kama kiini cha yai, tumbo limejaa maji na maneno yake hayana mpango, daktari hahitaji muda mrefu kujua tatizo liko wapi. Kazi ngumu ni kuwaeleza jamaa waliomleta ni kwa nini hakuna mashine ya kumfunga. Figo zikishindwa kuna mashine ya kusafisha damu, na siku hizi hata hospitali nyingi za kaunti zinayo. Mapafu yakilemewa kuna mitambo ya kupumulia. Lakini ini likizimika kabisa, hakuna chombo kilichobuniwa hadi leo, si hapa nchini wala ng'ambo, kinachoweza kufanya kazi zake zote kwa muda mrefu.

Tiba inayotambulika ni moja tu: kuondoa ini lililoharibika na kumwekea mgonjwa jingine, au kipande cha ini la mtu mwingine. Ni upasuaji wa saa nyingi, wenye gharama kubwa, na Wakenya wengi wanaoupata huufuata India baada ya harambee kadhaa.

Kwa sababu hiyo wataalamu katika nchi mbalimbali wamekuwa wakijiuliza swali ambalo kwa mara ya kwanza linasikika kama mzaha. Ikiwa kinachofanya kazi ndani ya ini ni seli zake, yaani zile chembechembe ndogo zisizoonekana kwa macho, kwa nini mgonjwa asipewe hizo seli peke yake kwa sindano, jinsi anavyoongezwa damu?

Makala haya yanaeleza jibu la swali hilo limefikia wapi, na lina maana gani kwa msomaji anayeishi Kitale, Bungoma, Kimilili au Webuye.

Kiwanda cha kilo moja na nusu

Ini hukaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na hakuna kiungo cha ndani kinacholishinda kwa ukubwa. Kila unachokula, kikishasagwa tumboni na kunyonywa na matumbo, hupitia kwanza hapo kabla ya kusambazwa mwilini. Ini huhifadhi sukari na kuitoa mtu akiwa na njaa. Hutengeneza nyongo ya kuyeyusha mafuta. Hutengeneza vitu vinavyogandisha damu ili mtu akijikata asitokwe na damu hadi afe. Hubadilisha amonia, ambayo ni sumu inayotokana na protini, kuwa kitu kinachoweza kutolewa kwa mkojo. Dawa, pombe na sumu nyingine zinazoingia mwilini, hapo ndipo huvunjwavunjwa.

Msomaji akifuata orodha hiyo, ataelewa mwenyewe dalili za ini lililoshindwa. Nyongo isipopata njia, macho na ngozi huwa manjano na mkojo huwa kama chai ya rangi. Damu isipoganda, ufizi hutoka damu na alama za uvilio hujaa mwilini. Amonia ikipanda hadi kwenye ubongo, mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, mikono hutetemeka anapoinyoosha, halafu huanza kupayuka. Ni hatua hii ya mwisho ambayo huwapoteza wengi huku magharibi mwa nchi, kwani jamaa wakiona mtu mpole anatukana na kukosa kuwatambua watoto wake, hudhani amerogwa au amerukwa na akili. Siku mbili hupotea kwa mganga au kwenye maombi. Kwa ugonjwa huu, siku mbili ni nyingi mno.

Kushindwa kwa ini kuko kwa namna mbili. Kuna ini linalozimika ghafla, katika siku au majuma machache, kwa mtu ambaye alikuwa mzima. Na kuna ini linaloharibika polepole kwa miaka mingi, likajaa makovu na kusinyaa, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Tofauti hii ni muhimu kwa habari inayofuata. Ini lililozimika ghafla lina uwezo wa ajabu wa kujijenga upya: hata theluthi mbili zake zikikatwa, zilizobaki hukua na kurudia ukubwa wake wa awali kama mgomba unavyochipuka. Kinachohitajika ni mgonjwa kubaki hai wakati kazi hiyo ikiendelea. Ini lililojaa makovu halina uwezo huo, au unao kidogo sana.

Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu

Upandikizaji wa ini zima ulianzishwa na daktari mpasuaji Thomas Starzl mjini Denver, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa wake wa kwanza, mtoto mdogo, alifia mezani kwa kutokwa na damu. Ilichukua hadi 1967 kupata wagonjwa walioishi zaidi ya mwaka mmoja. Tangu hapo upasuaji huu umekuwa jambo la kawaida katika nchi tajiri, lakini kuna tatizo ambalo pesa peke yake haziliondoi. Maini ya kupandikiza ni machache kuliko wanaoyahitaji, na kila mwaka watu hufa wakiwa kwenye foleni.

Wazo la kutumia seli lilipata nguvu katika miaka ya sabini, baada ya watafiti kugundua jinsi ya kulitenganisha ini bila kuziua seli zake. Mwaka 1976 watafiti nchini Marekani waliwadunga seli za ini panya wa jamii maalumu ambao huzaliwa na umanjano kwa sababu ini lao halina kimeng'enya kimoja. Umanjano ulipungua.

Namna seli zinavyotayarishwa inastahili kuelezwa, kwa maana hapo ndipo penye ufundi na pia penye shida. Huchukuliwa ini la mtu aliyefariki ambalo madaktari wamelikataa kwa upandikizaji wa kawaida, labda kwa kuwa lina mafuta mengi. Mirija huunganishwa kwenye mishipa yake ya damu, na maji maalumu yenye joto la mwili hupitishwa ndani yake. Maji hayo yana kimeng'enya kinachoitwa kolajenesi, ambacho huyeyusha ile gundi inayoshikanisha seli. Baada ya muda ini ambalo lilikuwa gumu hulegea kama uji mzito. Huchujwa, huoshwa, seli zilizokufa hutengwa na zilizo hai huhesabiwa. Zikiwa tayari, mgonjwa halazimiki kupasuliwa. Mrija mwembamba huingizwa hadi kwenye ule mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka matumboni, na seli hutiririshwa polepole mpaka zifike kwenye ini. Huenda ikachukua saa kadhaa, maana zikiharakishwa zinaweza kuziba njia ya damu.

Mmoja wa waliotangulia kuwajaribia binadamu ni Profesa Michio Mito wa Japani, ambaye alieleza kazi yake mwaka 1992. Alikata kipande cha ini la mgonjwa mwenyewe, akazitenga seli na kuziweka katika wengu. Seli zilionekana kuishi, lakini faida kwa wagonjwa ilikuwa ndogo. Mwaka 1994 madaktari wa Hyderabad, India, walieleza jinsi walivyowadunga tumboni wagonjwa 7 wenye ini lililozimika ghafla. Seli walizotumia zilitoka katika vijusi, jambo ambalo bila shaka lingezua ubishi mkubwa makanisani na misikitini hapa kwetu. Baadhi ya wagonjwa walipona, ila idadi yao ilikuwa ndogo mno kuweza kuthibitisha lolote.

Habari iliyowafanya madaktari duniani kote kusikiliza ilitolewa 1998, kutoka Omaha katika jimbo la Nebraska, Marekani. Daktari Ira Fox na wenzake walimtibu msichana wa miaka 10 aliyezaliwa na ugonjwa wa Crigler-Najjar, ambao ni ule ule wa panya wa mwaka 1976. Watoto wa aina hii hulazimika kulala chini ya taa za buluu kwa saa nyingi kila siku ili umanjano usiharibu ubongo wao. Msichana huyo alipewa seli bilioni 7.5. Kiwango cha umanjano katika damu yake kilishuka kwa karibu nusu, na saa za kukaa chini ya taa zikapungua. Seli za mtu mwingine zilikuwa zimehamia katika ini lake na kuanza kazi.

Hata hivyo, wagonjwa wengi wa namna hii waliotibiwa tangu hapo walilazimika baadaye kupandikizwa ini, kwa sababu nguvu za seli hufifia baada ya miezi au miaka. Nyingi hufa katika siku ya kwanza au ya pili tu baada ya kuingizwa. Zinazonusurika hushambuliwa na kinga ya mwili, hivyo mgonjwa anahitaji kumeza tembe za kupunguza kinga kama aliyepewa ini zima. Seli pia hazipendi barafu. Damu na chanjo huhifadhiwa kwa baridi zikatumika baadaye, lakini seli za ini zikigandishwa na kuyeyushwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Na ini la kuzitoa, ni lazima mtu afe kwanza.

Watoto wa London

Kwa maoni ya mwandishi, jaribio lenye mafunzo zaidi kwa nchi kama yetu ni lile la hospitali ya King's College, London, likiongozwa na Profesa Anil Dhawan. Hawakutafuta kulibadilisha ini. Walitaka kumvusha mgonjwa tu, kama daraja la muda mto unapofurika, mpaka ini lake lijijenge au lipatikane jingine.

Walizifungia seli ndani ya vijitone vya utomvu unaotokana na mwani. (Msomaji asije akadhani ni mwani ule unaolimwa Zanzibar, huu ni wa kahawia, wa bahari baridi.) Kila kijitone kina matundu madogo sana. Chakula na hewa huingia, vitu vinavyotengenezwa na seli hutoka, lakini askari wa kinga ya mwili hawawezi kupenya. Kwa hiyo mgonjwa hahitaji dawa za kupunguza kinga. Vijitone hivyo hudungwa tumboni, nje ya matumbo, na kuachwa vifanye kazi.

Watoto 8 wenye ini lililozimika ghafla walitibiwa hivyo, wengi wao wakiwa wachanga. Wanne walipona kwa ini lao wenyewe. Watatu walifikishwa salama kwenye upandikizaji wa ini. Mmoja alifariki. Ni matokeo ya kutia moyo, ingawa hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha, na ini la mtoto wakati mwingine hujiponya bila msaada.

Huko Japani nako, mwaka 2019, mtoto wa siku sita ambaye ini lake halikuweza kuondoa amonia alidungwa seli milioni 190 zilizokuzwa kwenye maabara kutokana na seli asilia za kiinitete. Zilimshikilia kwa miezi kadhaa hadi alipokua vya kutosha kupewa kipande cha ini la baba yake. Umuhimu wa tukio hilo ni kwamba seli hazikutoka kwa maiti. Kama zinaweza kukuzwa kwenye maabara, basi siku moja huenda zikapatikana kwa wingi.

Na mwaka 2024, mjini Houston, Marekani, kampuni ya LyGenesis ilitangaza kumtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia nyingine tena. Seli ziliingizwa katika tezi za limfu tumboni, kwa mrija uliopitishwa kooni, zikitarajiwa kukua humo na kuwa ini dogo la akiba. Walengwa ni wale wenye ini lililosinyaa, ambao seli haziwezi kushika kwenye makovu yao. Wazo hilo la Profesa Eric Lagasse wa Pittsburgh limefaulu kwa panya, nguruwe na mbwa. Kwa binadamu bado ni majaribio.

Kwa kifupi, hakuna nchi ambayo upandikizaji wa seli za ini umekuwa tiba ya kawaida ya ini lililozimika. Hili ni vyema lisemwe wazi, kwa maana kuna watu wanaotangaza "tiba ya seli" kwa magonjwa yote, kuanzia kisukari hadi ini, kwa bei ya kumfanya mtu auze shamba. Anayeahidiwa seli za ini nje ya utafiti ulioidhinishwa aulize ni hospitali gani, zimetoka kwa nani, na ni kamati ipi ya maadili iliyokubali. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka upandikizaji wowote ufanywe katika hospitali iliyoidhinishwa, kwa idhini ya maandishi ya anayetoa, na inakataza biashara ya viungo. Si mambo ya kufikirika. Mwezi Aprili 2025 serikali ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret kufuatia madai ya biashara ya aina hiyo.

Maini ya ukanda wa mahindi

Ni nini basi kinachoyaharibu maini ya watu wa Trans Nzoia na Bungoma?

Kitale ni mji wa mahindi. Kampuni ya mbegu iliyoanzishwa hapo mwaka 1956 bado ipo, na utafiti wa mbegu chotara ulioanza katika miaka hiyo hiyo ndio uliolisha nchi. Lakini hindi lililovunwa na unyevu, likarundikwa ndani ya nyumba, huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa aflatoksini. Sumu hii ikiingia mwilini kwa wingi huliua ini kwa majuma machache. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya hepatitisi B. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Baadhi ya mahindi yaliyopimwa yalikuwa na sumu zaidi ya mara 200 ya kiwango kilichoruhusiwa wakati huo.

Balaa hilo halikutokea Kitale wala Bungoma, ambako baridi kidogo na mvua huupunguzia nguvu ukungu huo unaopenda joto na ukame. Lakini mvua za Oktoba na Novemba zikipitiliza, mkulima anayeanika kando ya lami hawezi kufikisha mahindi yake kwenye asilimia 13.5 ya unyevu inayotakiwa kabla ya kuhifadhi. Isitoshe, mahindi husafiri. Mnamo Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hizi, na malori yakajazana mipakani.

Kuna tabia moja ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Mahindi yaliyooza hayatupwi. Hupelekwa kwa kuku, au kwa mama mpika pombe ayafanye busaa. Watu huamini moto huua kila kitu, ilhali aflatoksini haiharibiki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Mnywaji wa busaa kama hiyo huliumiza ini lake mara mbili kwa kikombe kimoja.

Dawa nazo zina lawama yake. Parasetamoli, ambayo kila kioski huuza, ni salama ikitumiwa ipasavyo, lakini mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za kawaida. Tatizo ni kwamba dawa nyingi za mafua na za maumivu zina parasetamoli hiyo hiyo kwa jina jingine, na mgonjwa humeza tatu kwa pamoja. Aliyezidisha, kwa bahati mbaya au kwa kutaka kujiua, huweza kuonekana mzima kwa siku nzima huku ini likifa. Ipo dawa ya kuzima sumu hiyo, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Asingoje kuugua. Baadhi ya dawa za kifua kikuu pia huweza kulidhuru ini, hivyo mgonjwa wa TB akiona macho yanageuka manjano arudi kliniki siku hiyo hiyo. Dawa za mitishamba hakuna anayepima nguvu zake.

Halafu kuna hepatitisi B, ambayo huenezwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Anaweza mtu kuishi nayo miaka 20 bila dalili yoyote, ini likisinyaa kimyakimya. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote mnamo Novemba 2001, katika chanjo ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyezaliwa kabla ya hapo, na hao ndio wazazi na walezi wa leo, hakuipata utotoni.

Mgonjwa ambaye ini lake limezimika hupelekwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale kwa njia ya Moi's Bridge. Wa Bungoma hupitia Webuye na Turbo. Huko anaweza kupewa glukosi, dawa ya kuharisha ili kuondoa amonia, dawa za kuzuia maambukizi, na uangalizi wa karibu mpaka ini lijaribu kuamka lenyewe. Baadhi huamka. Wanaonusurika kwa kawaida ni wale waliofika kabla ya kuanza kupayuka.

Kwa hiyo aliye na macho ya manjano na ambaye amebadilisha usingizi, au anayetokwa na damu kwenye ufizi, aletwe hospitalini usiku huo huo, akiwa na pakiti za dawa zote alizomeza katika mwezi uliopita, za mitishamba zikiwemo. Aliye mzima aombe kupimwa hepatitisi B: damu kidogo tu, na majibu katika muda mfupi. Asiye na virusi huchanjwa mara tatu, mara ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita. Aliye navyo hufuatiliwa kliniki, na akihitaji huanzishiwa tenofovia, dawa ambayo hospitali zetu tayari zinaitumia kwa wagonjwa wa Ukimwi.